Hasara ya Hiari

Katika maswali ambayo wanadamu wamejiuliza tangu walipoanza kutafakari, liko moja ambalo halihitaji maneno mengi kulieleza, ijapokuwa linahitaji umri mzima kulijibu: ni kwa dalili gani hujulikana kile ambacho mtu, au jamaa ya watu, hukitukuza kwa hakika ndani ya moyo? Wako wasemao kwamba dalili hiyo ni sala na maneno ya ibada. Wako wasemao ni mali aikusanyayo mtu na marafiki awachaguao. Nami siyadharau majibu hayo, lakini naona kuwa yote yaweza kughushiwa, kwa maana ulimi huzoea kunena, na mkono huzoea kukusanya, bila ya moyo kushirikishwa. Dalili ambayo ni taabu kuighushi ni hasara. Mtazame mtu siku ile anapolazimika kuachia kimoja katika viwili avipendavyo, uone ni kipi anachokiacha kitoke mkononi mwake na ni kipi anachokishikilia hata vidole vikamwuma. Hapo utamjua bila ya kumwuliza dini yake wala kabila lake.

Nimefikishwa kwenye tafakuri hii na jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka liko mbali sana na dini, nalo ni historia ya timu ya mpira wa Kimarekani ya chuo kimoja kisichokuwa kikubwa, Chuo Kikuu cha Drake, kilichoko mji wa Des Moines katika jimbo la Iowa. Tarehe 21 Mei 2011 vijana wa chuo hicho waliteremka katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid mjini Arusha, uwanja wenye jina la mshairi wetu mashuhuri aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kushika umeya wa Dar es Salaam, wakapambana na wachezaji teule wa vyuo vya binafsi vya Meksiko, wakawashinda kwa pointi 17 kwa 7. Mchezo huo ulitangazwa kuwa wa kwanza wa vyuo katika mpira wa Kimarekani kuchezwa barani Afrika. Kabla ya siku ile, wengi katika watazamaji hawakuwa wamepata kuona mpira wenye umbo la yai, ukikumbatiwa kifuani badala ya kupigwa kwa mguu, wala wachezaji kumi na mmoja kila upande, wenye kofia ngumu na mabega yaliyotiwa kinga, wakigongana kama watu wenye kisasi, ilhali wanachokigombea ni ardhi tu: timu hupewa majaribio manne ya kusonga yadi kumi mbele, na ikishindwa huukabidhi mpira kwa wapinzani.

Baada ya mchezo vijana wa Drake hawakwenda kupumzika. Walikwea Mlima Kilimanjaro, na katika safari hiyohiyo walifanya kazi ya mikono kusaidia makao ya yatima karibu na Arusha. Wala hapakuwa na mmoja kati yao aliyekuwa akilipwa kwa kucheza. Bali chuo chao ni miongoni mwa vile ambavyo havimpi mchezaji wa mpira huo hata msaada wa ada kwa sababu ya uchezaji wake.

Nilipata kulisimulia jambo hili kwa vijana wa Endamarariek, wilayani Karatu, jioni, kando ya kiwanja ambacho magoli yake ni mawe mawili kila upande, na mpira wake ni matambara yaliyosokotwa na kufungwa kwa kamba mpaka yakawa magumu kama kichwa cha nyundo. Vumbi jekundu lilikuwa limewapanda hadi magotini, na mmoja wao, aliyekuwa na jeraha bichi la ukucha wa kidole gumba kwa kupiga mpira ule pekupeku, alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akauliza, "Samahani, mwalimu, kama hawalipwi na ada wanajilipia wenyewe, wanavunjana mbavu kwa faida gani?"

"Swali lako, mwanangu," nikamjibu, "ni kubwa kuliko mchezo wenyewe."

Nami nilikitazama kidole chake nikaona kuwa mwenye kuuliza alikuwa ameshalijibu swali lake kwa mwili, kwani hakuna aliyemlipa yeye pia. Lakini jibu la mwili halitoshi kwa akili, na ndiyo maana nataka kuipitia historia ya chuo kile polepole, nisitafute vikombe vilivyopatikana bali hasara zilizokubaliwa.

Drake ilianzishwa mwaka 1881 na watu wa madhehebu ya Kikristo yaitwayo Wanafunzi wa Kristo, ikapewa jina la Francis Marion Drake, jenerali wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, ambaye baadaye alikuja kuwa gavana wa Iowa. Mpira wa Kimarekani uliingia chuoni mwaka 1893, na kiwanja chao cha sasa kilijengwa mwaka 1925. Hayo ni mambo ambayo vyuo vingi vya nchi ile vyaweza kuyasema juu ya nafsi zao. Jambo lililoitenga Drake na vyuo vingine lilitukia tarehe 20 Oktoba 1951, mbali na nyumbani, katika mji wa Stillwater, jimbo la Oklahoma.

Mchezaji bora wa Drake wakati huo alikuwa Johnny Bright, kijana mweusi kutoka Fort Wayne katika jimbo la Indiana. Timu yake ilikuwa haijashindwa katika michezo yake mitano ya msimu ule, na katika Marekani nzima hapakuwa na mchezaji wa vyuo aliyekuwa akiusogeza mpira mbele kuliko yeye. Kabla ya mchezo zilivuma habari kwamba angekusudiwa kuumizwa, na wapiga picha wawili wa gazeti la Des Moines Register, Don Ultang na John Robinson, wakaelekeza kamera zao kwake tangu mwanzo. Katika dakika saba za kwanza Bright aliangushwa na kupoteza fahamu mara tatu kwa mapigo ya mchezaji mmoja wa chuo mwenyeji, Oklahoma A&M, na pigo moja likamvunja taya. Taya ikiwa imevunjika, bado aliurusha mpira yadi 61 ukamfikia mwenzake aliyefunga. Ndipo maumivu yakamtoa uwanjani, na timu yake ikashindwa kwa 27 kwa 14.

Picha zile zilikuwa sita, zikifuatana. Aziangaliaye kwa makini huona kwamba Bright ameshampa mpira mwenzake, mikono yake ni mitupu, na uso wake unafuata kwa mbali mchezo uliokwisha kuhamia upande mwingine wa kiwanja. Na mtu anayemjia hautazami mpira kabisa, bali anautazama uso wake. Mkono unapanda, na kiwiko kinafika kwenye taya ya mtu asiyekuwa na sababu yoyote ya kujikinga. Kwa picha hizo wapiga picha wale walipewa Tuzo ya Pulitzer mwaka 1952; nami nasema kwamba walistahili jina lililo kubwa kuliko tuzo, jina la mashahidi, kwa maana kama wasingalisimama pale na vyombo vyao, dhuluma ile ingaliingizwa katika hesabu ya ajali, na aliyedhulumiwa angaliambiwa kwamba mchezo ndivyo ulivyo.

Ushahidi ulikuwapo, hukumu haikuja. Chuo cha upande wa pili hakikumwadhibu mchezaji wake, na shirikisho la mashindano la Missouri Valley, ambalo vyuo vyote viwili vilikuwa wanachama wake, halikuchukua hatua. Hapo Drake ikajikuta njia panda. Shirikisho lilikuwa ndilo ratiba yake, watazamaji wake, mapato yake na heshima yake katika michezo. Kubaki ndani yake kulihitaji jambo dogo tu, yaani kunyamaza, na kunyamaza huku kungaliweza kupambwa kwa majina mazuri kama subira, busara na amani. Drake ikajitoa. Chuo cha Bradley, ambacho mtu wake hakuguswa, kikajitoa pamoja nayo kwa kuunga mkono haki.

Sitaki kukikweza chuo kupita kiasi. Taya iliyovunjika ilikuwa ya Bright, si ya baraza la chuo, na hasara ya ratiba haiwezi kuwekwa kwenye mizani moja na hasara ya mwili. Hata hivyo, taasisi haina taya. Ina vikao, ina fedha, ina jina. Na kwa kuwa haiwezi kutoa alichonacho mwanadamu, inapasa kuhukumiwa kwa ilichonacho yenyewe. Siku ile ilitoa. Ikasema kwa kitendo kwamba kati ya mashindano na utu wa mmoja wa wanafunzi wake, mashindano ndiyo yanayoweza kuachwa. Nami naona kuwa hiyo ni sala, ijapokuwa haikusemwa ndani ya kanisa wala msikiti.

Bright mwenyewe alipata mtihani wake miezi michache tu baadaye. Mwaka 1952 timu ya kulipwa ya Philadelphia Eagles ilimchagua katika duru ya kwanza ya uteuzi wa wachezaji wapya, na angalikuwa mchezaji mweusi wa kwanza wa timu hiyo. Akakataa. Hakuwa na yakini namna atakavyotendewa katika ligi ambako wachezaji kutoka majimbo ya kusini walikuwa wakimiminika, akaenda zake Kanada, kwenye fahari ndogo na usalama wa roho ulio mkubwa. Huko alicheza Calgary, kisha Edmonton, akatwaa ubingwa mara tatu mfululizo kuanzia mwaka 1954, na pamoja na kucheza akawa mwalimu, hatimaye mkuu wa shule. Alifariki mwaka 1983 akiwa bado mwalimu wa watoto wa Edmonton. Hakurudi kutafuta kile alichokiacha.

Mwaka 2005, tarehe 28 Septemba, chuo kilichokuwa Oklahoma A&M, ambacho sasa huitwa Oklahoma State, kilimwandikia mkuu wa Drake barua ya kuomba radhi kwa yale yaliyotendeka. Ilikuwa imepita karibu miaka 54 tangu pigo, na karibu miaka 22 tangu mpigwaji kuzikwa. Je, barua hiyo ina thamani gani? Wanazuoni wa Kiislamu hufundisha kwamba kosa lililo baina ya mja na Mola wake huondolewa kwa toba, lakini dhuluma aliyotendewa mja mwingine husubiri radhi ya aliyedhulumiwa. Na Wakristo wamefunzwa kwamba atoaye sadaka akikumbuka ugomvi wake na ndugu, aiache sadaka hapo, aende akapatane kwanza. Mafundisho yote mawili yanadai jambo moja, kwamba aliyekosewa awe hai asikie. Kwa mizani hiyo, barua ile ilichelewa kwa kiasi kisichoweza kulipwa. Walakini sisemi kuwa ilikuwa bure. Radhi isiyoweza kumfikia aliyedhulumiwa bado yaweza kumfikia anayeandika, kwa kuwa nayo ni hasara ya namna yake: taasisi hupoteza ile hadithi tamu iliyokuwa ikijisimulia, kwamba haikuwa na kosa. Mwenye kukubali kupoteza hadithi hiyo, hata baada ya nusu karne, amekubali kitu ambacho wengi hufa wakikishikilia. Mwaka uliofuata Drake ilikipa kiwanja chake jina la Johnny Bright.

Hasara ya pili ya Drake haikuwa na utukufu wa ile ya kwanza, nayo ndiyo iliyozaa timu iliyokuja Arusha. Baada ya msimu wa mwaka 1985 chuo kiliona kuwa gharama za kuwasomesha vijana kwa ajili ya mpira zimekishinda, kikaifunga timu. Sababu ilikuwa ni fedha, wala haifai kuivika kanzu ya uchaji. Lakini mwaka 1987 timu ilirudi, safari hii bila ya msaada wowote wa masomo utolewao kwa sababu ya uchezaji. Na ilipofika mwaka 1993, kanuni za michezo ya vyuo zilipovilazimisha vyuo vya namna yake kupanda daraja, Drake na vyuo vingine vitano wakaanza kucheza katika ligi yao wenyewe, iitwayo Pioneer, wakashika palepale pasipo na ufadhili wa wachezaji. Jambo lililoanza kama lazima likageuka kuwa hiari. Umaskini ulikuja bila ya kualikwa, nao wakaufanya nadhiri.

Nawajua wasomaji watakaolipinga neno hili, na pingamizi lao lina nguvu. Watasema: mwenye kucheza bila ujira ni yule ambaye baba yake ameshalipa ada, sifa ya kutolipwa ni pambo la wenye nacho, na kwa kijana wa Karatu au Hanang, msaada wa masomo kwa ajili ya miguu yake ulikuwa mlango pekee wa ulimwengu. Ni kweli. Suleiman Nyambui na Gidamis Shahanga walisoma El Paso, Texas, kwa sababu walijua kukimbia. Nyambui akaja kupata medali ya fedha ya mita 5,000 mjini Moscow mwaka 1980. Na Shahanga, mtoto wa nchi ya Hanang, alikuwa tayari ameshinda marathoni ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978 katika mji uleule wa Edmonton, wakati ambapo Johnny Bright alikuwa akifundisha katika shule zake. Tena Bright mwenyewe aliingia Drake kwa msaada wa masomo, uliotolewa kwa ajili ya riadha. Kama chuo kingalikuwa mwaka 1948 na ile nadhiri kiliyokuja kuiweka mwaka 1987, tena kwa michezo yote, huenda kijana yule wa Fort Wayne asingalilifikia lango lake.

Kwa hiyo sitasema kuwa ujira ni najisi. Mkulima wa Endamarariek auzaye mbaazi zake hazitii doa mbaazi hizo kwa kuziuza, na mkimbiaji aliyepewa shule kwa mbio zake amepokea haki. Ninalosema ni kwamba ujira ni mtumishi mwema mpaka siku atakapoombwa aondoke, na siku hiyo ndiyo hutambulisha nani alikuwa bwana. Bright alipokea msaada, akapokea mshahara wa Kanada, wala havikumtia utumwani, kwa kuwa ulipomjia mshahara uliodai alipe kwa heshima yake, aliweza kuuacha. Ikhlasi haipimwi kwa kuwapo au kutokuwapo kwa malipo. Hupimwa kwa kile ambacho malipo hayawezi kukinunua. Na chuo ambacho hakiwalipi wachezaji, lakini huwafungia mlango maskini, hakina cha kujivunia hata kikiwa na mikono safi. Kinapaswa kutafuta njia nyingine ya kuwaingiza, kwa elimu yao au kwa uhitaji wao, la sivyo nadhiri yake hulipwa na wengine.

Hapana budi pia kutofautisha hasara ninayoisema na kushindwa. Katika nchi ya Mbulu ya zamani, ambayo Karatu ilikuwa sehemu yake, jina la John Stephen Akhwari halihitaji utambulisho. Tarehe 20 Oktoba 1968, siku na mwezi uleule ambao Bright alivunjwa taya miaka kumi na saba nyuma, Akhwari alikimbia marathoni ya Olimpiki katika mji wa Meksiko, akaanguka, akaumia goti na bega, akaingia uwanjani akichechemea, mguu umefungwa bendeji, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Uhabeshi kupokea ushindi. Wakimbiaji kumi na wanane walioanza naye hawakumaliza; yeye alimaliza akiwa wa 57, wa mwisho. Watu husema alishindwa, na kwa saa ya ukutani ni kweli. Lakini kushindwa kulimjia bila ya hiari. Kilichokuwa cha hiari ni maumivu ya kilomita zilizobaki, ambayo angaliweza kuyaepuka kwa kupanda gari. Aliachia raha ya mwili, akashikilia neno aliloliweka na nchi yake. Na katika nchi ileile iliyomwona akiingia uwanjani, ndiko walikotoka wale vijana waliokuja kushindwa Arusha mwaka 2011, nao pia wakamaliza mchezo wao.

Sasa narudi kwa yule aliyeniuliza faida. Michezo ya shule zetu ina jaribu lake, nalo linajulikana na kila mwalimu wa michezo kutoka kata hadi taifa: ni mamluki. Mchezaji asiyekuwa mwanafunzi huvalishwa sare, huandikiwa jina la mwingine, timu hupanda, kikombe huja, na mwanafunzi halali, yule aliyefanya mazoezi pekupeku mwaka mzima, hukaa kando akishangilia ushindi ambamo nafasi yake imeibwa. Katika kisa hicho pia kuna hasara iliyochaguliwa: shule imekubali kumpoteza mtoto wake ili isipoteze mchezo. Haikutamka hivyo, wala hakuna kikao kilichoandika hivyo, lakini mtoto amesikia, na atakapokuwa mtu mzima mwenye ofisi na muhuri atakumbuka somo hilo kuliko masomo yote ya darasani.

Ndiyo maana namwambia mwanangu yule, na walimu wake, na wazazi wanaowachangia vijana nauli ya kwenda mashindanoni, kwamba faida ya mchezo usiolipwa ni hii: ni mahali pa kujifunza, kwa gharama ndogo, kuchagua la kupoteza. Goli moja, nafasi moja, safari moja ya mkoani, ni vitu vidogo vya kutosha mtoto kuweza kuviachia, tena vikubwa vya kutosha kumwuma anapoviachia. Asiyejifunza kuachia kikombe ataachiaje, ukubwani, cheo kinachomtaka anyamazie dhuluma? Waliokaa kikaoni Des Moines mwaka 1951 hawakuwa na miaka ya kutafakari. Swali liliwafikia msimu mmoja, wakalijibu kwa tabia waliyokwisha kuwa nayo. Nasi tulijibu swali letu leo, kipenga hakijalia: liandikwe katika kumbukumbu za kamati ya michezo ya kila shule ni kitu gani tutakachokubali kukipoteza na ni mtu gani ambaye hatutakubali kumpoteza, na siku mwalimu atakapoletewa kijana mgeni mwenye mguu mzuri na cheti cha mtu mwingine, afungue kitabu hicho, amrudishe mgeni kwao, na amwite wake.